Kinanda bila kitabu cha maelekezo: kwaya inapoteza nini?

Mwalimu wa kwaya mmoja wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, alitutumia ujumbe wa simu baada ya kusikia kipindi chetu cha vyombo vya muziki. Kwaya yake ilichangishana kwa miezi kadhaa. Waliokosa fedha walitoa mahindi, wengine kuku, mpaka wakapata kinanda cha mtumba. Muuzaji aliwapa kinanda na adapta aliyosema "inafanana". Boksi halikuwepo, na kitabu cha maelekezo hakikuwepo. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo, kinanda kilinyamaza na harufu ya kuungua ikasambaa. Walipokipeleka kwa fundi, aliwauliza swali moja tu: "Hiki kilitakiwa kutumia volti ngapi?" Hakuna aliyejua.

Mwalimu huyo anauliza: je, kile kitabu ambacho watu wengi hukitupa pamoja na boksi kina umuhimu kiasi hicho? Na vijana wake wakaongeza swali la pili. Wameona kwenye simu vyombo vinavyoitwa sinthesaiza za analogia, vyenye vitufe vingi vya kuzungusha na nyaya zinazoning'inia mbele kama mzizi wa mti. Wanauliza kama hicho nacho ni kinanda kama chao.

Tumeamua kuyajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwa sababu yana jibu linalohusiana. Sinthesaiza ya analogia ni chombo ambacho huwezi kukielewa bila maelekezo mazuri. Kwa hiyo baadhi ya vitabu bora vya maelekezo ya vyombo vya muziki viliandikwa kwa ajili yake. Tukiviangalia vitabu hivyo, tutajua cha kudai tunaponunua kinanda cha kwaya, hata kama hatutanunua sinthesaiza maishani mwetu.

Kinanda cha kwaya na sinthesaiza vinatofautianaje?

Vinanda vingi tunavyoviona makanisani na kwenye harusi mkoani Mara ni vya kidijitali. Ndani yake kuna kumbukumbu yenye sauti zilizorekodiwa tayari: piano, filimbi, tarumbeta, ngoma. Ukichagua namba ya piano na kubonyeza, kinanda kinakwenda kwenye kumbukumbu na kukutolea sauti ya piano iliyokwisha kurekodiwa kiwandani. Wewe unachagua, haulazimiki kuitengeneza.

Sinthesaiza ya analogia haina sauti iliyorekodiwa. Ndani yake kuna saketi za umeme zenye transista, vipinga na kapasita, ambazo zinaufanya umeme upande na kushuka kwa haraka. Huo mpando na mshuko ukifika kwenye spika, spika inatikisika na sisi tunasikia sauti. Umeme ukipanda na kushuka mara 440 kwa sekunde, tunasikia noti ambayo walimu wa muziki huitumia kusawazisha vyombo. Ukipanda na kushuka mara 880, tunasikia noti ile ile, lakini ya juu zaidi kwa oktava moja.

Kwa hiyo mwenye sinthesaiza anaanza na mtikisiko mtupu wa umeme, kisha anaujenga mwenyewe mpaka uwe sauti anayoitaka. Ndiyo maana chombo kina vitufe vingi vya kuzungusha. Kila kimoja kinabadilisha jambo moja katika safari ya umeme.

Safari ya sauti, tukitumia mfano wa iritungu

Wazee wa Kikurya wanalijua iritungu, chombo kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito. Tulitumie kueleza hatua za sinthesaiza.

Hatua ya kwanza ni chanzo cha mtikisiko. Kwenye iritungu, chanzo ni uzi unaokwanyuliwa. Kwenye sinthesaiza, chanzo ni saketi inayoitwa osileta. Osileta inaweza kutoa mawimbi ya maumbo mbalimbali: wimbi la msumeno, ambalo sauti yake ni kali na yenye kujaa; wimbi la mraba, ambalo linasikika kama limetoka kwenye bomba; na wimbi la pembetatu, ambalo ni laini karibu na filimbi.

Hatua ya pili ni chujio. Kwenye iritungu, mbao na ngozi ya chombo vinakuza sauti fulani na kuzipunguza nyingine. Ndiyo sababu uzi ule ule ukifungwa kwenye kopo utasikika tofauti. Kwenye sinthesaiza kazi hiyo inafanywa na filta. Ukiifunga, ukali unaondoka na sauti inakuwa kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Ukiifungua, ukali unarudi.

Hatua ya tatu ni amplifaya, yaani sehemu inayoamua sauti iwe kubwa au ndogo kiasi gani.

Kisha kuna jambo la nne linaloongoza zile nyingine: muda. Uzi wa iritungu ukikwanyuliwa, sauti inaanza ghafla na kufifia yenyewe. Filimbi inaanza taratibu, inabaki pale pale wakati pumzi ipo, kisha inakatika. Sinthesaiza ina vitufe vinne vya kupanga hayo: sauti ichukue muda gani kupanda, ishuke kwa kasi gani baada ya kupanda, ibaki kwenye kiwango gani wakati kidole kimebonyeza, na ichukue muda gani kufifia ukiinua kidole. Kwa vitufe hivyo vinne tu, mtikisiko ule ule unaweza kufanana na uzi, filimbi au ngoma.

Mtu akikaa mbele ya chombo hiki bila mtu wa kumweleza safari hii, atazungusha vitufe mpaka achoke. Pengine atazungusha kimoja, sauti ipotee kabisa, aamini ameharibu, kumbe amefunga filta tu. Hapo ndipo kitabu kinapoingia.

Vyombo vinne na maelekezo yake

Cha kwanza ni Minimoog Model D, kilichotoka Marekani mwaka 1970 katika kampuni ya Robert Moog. Kabla yake, sinthesaiza zilikuwa kama kabati la nyaya, zikihitaji mtaalamu wa kuziunganisha. Minimoog ilikuwa na osileta tatu na ilipiga noti moja tu kwa wakati. Uzuri wake kwa upande wa maelekezo ulikuwa kwenye uso wa chombo chenyewe. Vitufe vilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata safari ya sauti: kwanza osileta, halafu sehemu ya kuchanganya, halafu filta na amplifaya, halafu sehemu ya kutolea sauti. Anayejua kusoma mstari wa kitabu anaweza kuusoma uso wa Minimoog.

Lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuwa na kumbukumbu. Ukipata sauti nzuri leo, kesho mwenzako akigusa vitufe, imepotea. Suluhisho lilikuwa karatasi. Wapigaji walitumia kurasa zenye mchoro wa uso wa chombo, ambapo mtu anaweka alama kwa kalamu kuonyesha kila kitufe kimeelekea wapi. Mpaka mwaka 1978 ilipotoka Prophet-5, iliyoweza kukumbuka sauti 40, karatasi na kalamu ndivyo vilivyokuwa kumbukumbu ya wapigaji wengi wa sinthesaiza.

Cha pili ni ARP 2600, cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutoka kampuni iliyoanzishwa na Alan R. Pearlman. Hiki kilitumika sana kufundishia vyuoni na shuleni. Juu ya uso wake kulichorwa mistari inayoonyesha umeme unatoka wapi na kwenda wapi, hata kabla hujachomeka waya wowote. Kitabu chake, kilichoandikwa na Jim Michmerhuizen, kinatajwa hadi leo kama mfano wa kitabu kizuri cha maelekezo. Sababu yake ni rahisi: hakikuishia kusema "kitufe hiki ni cha filta". Kilimfundisha msomaji sauti inavyojengwa, kikamweleza kila sehemu inafanya nini kwa sauti hiyo, kisha kikampa mazoezi ya kufanya kwa mikono yake. Mtu aliyekimaliza aliweza kuelewa sinthesaiza nyingine yoyote, hata isiyo ya ARP.

Cha tatu ni Korg MS-20 ya Japani, ya mwaka 1978. Ilikuwa ndogo na ya bei nafuu kuliko nyingi za wakati wake. Upande wa kulia ina matundu ya kuchomeka nyaya, na katikati ya matundu hayo umechorwa mchoro wa safari ya umeme. Lakini kuna jambo ambalo huwezi kulijua kwa kutazama. Vyombo vya Moog na ARP hupandisha noti kwa oktava moja kila umeme unaoviongoza unapoongezeka kwa volti moja. MS-20 inatumia hesabu tofauti. Ukiunganisha chombo cha Moog kukiongoza MS-20, waya utaingia vizuri kabisa, lakini noti zitatoka mrama. Asiyesoma atadhani chombo ni kibovu na pengine atakiuza kwa bei ya hasara. Aliyesoma anajua vyombo hivi viwili vinazungumza lugha mbili.

Cha nne ni kidogo na cha karibuni: Korg Volca Keys ya mwaka 2013. Inaingia mkobani, ina spika yake ndani, na inaendeshwa kwa betri sita ndogo za AA, kwa hiyo hata kijiji kisicho na umeme kinaweza kuitumia. Maelekezo yake ni karatasi ya kukunjwa yenye maandishi madogo. Karatasi hiyo inataja kila kitufe, na kwa anayejua sinthesaiza inatosha. Kwa anayeanza haitoshi, kwa sababu inataja majina ya sehemu bila kufundisha zinafanya nini. Ni kama kumpa mgeni orodha ya majina ya vijiji vya Serengeti bila kumwonyesha barabara.

Tukilinganisha vyote vinne, tunaona bei ya chombo na ubora wa maelekezo ni vitu viwili tofauti. Chombo kidogo kinaweza kuwa kizuri na karatasi yake ikawa pungufu. Pia tunaona kuwa maelekezo hayako kitabuni tu. Mchoro na mpangilio wa vitufe kwenye chombo ni maelekezo vilevile, na hayo hayawezi kupotea na boksi.

Kampala: alianza na michoro kabla ya kuwa na chombo

Kuna mfano wa karibu na sisi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Brian Bamanya wa Kampala, Uganda, anayejulikana kwa jina la kisanii Afrorack, alivutiwa na sinthesaiza za vipande vipande, yaani zile ambazo osileta, filta na amplifaya kila kimoja ni kipande chake, na mpigaji huviunganisha kwa nyaya anavyotaka. Bei za vipande hivyo ni kubwa mno kwa mtu wa Afrika Mashariki, na bado kuna gharama za kuviagiza.

Alichokipata kwa bei nafuu ni maelekezo. Kwenye intaneti kuna watu wengi wanaotoa bure michoro ya saketi zao. Bamanya aliisoma, akatafuta transista, vipinga na vipuri vingine katika maduka ya vifaa vya umeme vya Kampala, akavichomelea na kujenga sinthesaiza yake mwenyewe. Inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake kujengwa nyumbani barani Afrika. Mwaka 2022 albamu yake iitwayo The Afrorack ilitolewa na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Pia amekuwa akiwafundisha wengine kujenga vyombo vyao.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kuna watu walioamua kuandika na kuchapisha. Kampuni ya Doepfer ya Ujerumani, iliyoanzisha mfumo wa vipande hivyo katika miaka ya 1990, iliweka wazi vipimo vyake: kipande kiwe na urefu gani, kitumie umeme wa volti ngapi, waya wa umeme uchomekwe vipi. Kwa kuwa vipimo viko wazi, mtu wa Berlin na mtu wa Kampala wanaweza kutengeneza vipande viwili bila kufahamiana, na vipande hivyo vikafanya kazi pamoja. Kampuni ya Korg nayo iliwahi kutoa hadharani mchoro wa saketi wa kisinthesaiza chake kidogo kiitwacho Monotron, na mafundi wengi wamejifunza kwa kuutazama.

Vijana wanaotengeneza redio na simu kwenye masoko yetu wasikilize hapa. Sinthesaiza ya analogia haina uchawi. Ina vipuri ambavyo wanavikuta kila siku kwenye redio mbovu. Kinachowatenganisha na kazi kama ya Bamanya ni mchoro na uvumilivu wa kuusoma.

Ukurasa mmoja ambao ungekiokoa kinanda cha Kenyamonta

Turudi kwa mwalimu wetu. Hata kwenye zile sinthesaiza za bei kubwa kuna ajali moja inayojulikana sana: kuchomeka waya wa umeme kinyume. Kwenye vipande vya mfumo wa Doepfer, waya wa umeme una mstari mwekundu pembeni unaoonyesha upande wa hasi volti 12. Asiyejua huuona wekundu ule, akadhani ni chanya kama ilivyo kwenye betri ya gari, akageuza. Kipande kinaweza kuungua mara moja. Kosa linalounguza chombo cha thamani Ulaya ni lile lile linaloweza kuunguza kinanda cha mtumba Kenyamonta.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka adapta yoyote, hakikisha mambo manne.

La kwanza ni volti zinazoingia kwenye adapta. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Japani wanatumia volti 100 na Marekani volti 120. Kinanda cha mtumba kinaweza kuja na adapta ya huko. Tazama lebo ya adapta penye neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100-240V, inafaa kwetu. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake, usiichomeke ukutani.

La pili ni volti zinazotoka. Hizi ziko penye neno OUTPUT, na lazima zilingane na zile kinanda kinazotaka. Kwa mfano Yamaha PSR-E373 inatumia adapta ya volti 12. Vinanda vya zamani vya Casio vinavyotumia adapta ya AD-5 vinataka volti 9. Usiseme "tofauti ni tatu tu".

La tatu ni upande wa chanya na hasi. Karibu na tundu la umeme la kinanda, na kwenye lebo ya adapta, kuna mchoro mdogo: nukta katikati, imezungukwa na nusu duara, na alama za + na − pembeni. Alama iliyounganishwa na nukta ndiyo ya ndani ya plagi. Adapta za Yamaha za volti 12 zina chanya ndani. Ile AD-5 ya Casio ina hasi ndani. Plagi kuingia vizuri kwenye tundu si ushahidi kwamba umeme uko sawa. Michoro miwili ikitofautiana, acha.

La nne ni ampea. Hapa adapta ikiwa na ampea zaidi ya zinazotakiwa, hakuna neno, kwa sababu kinanda huchukua kiasi kinachohitaji. Ikiwa na ampea pungufu, adapta itapata moto na kinanda kitazimika kila sauti ikipandishwa.

Kwa wanaotumia sola, kuna tahadhari nyingine. Betri inayoitwa ya volti 12 haikai kwenye volti 12 muda wote. Ikichajiwa na jua kali inaweza kupita volti 14. Kuunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kinanda cha volti 9 ni njia ya haraka ya kukiua. Tumia kifaa cha kupunguza na kutuliza umeme, kilichopimwa kwa mita kabla ya kuchomekwa. Usipokuwa nacho, vinanda vingi vidogo vinatumia pia betri kavu, na kwa ibada ya saa mbili hiyo inaweza kuwa njia salama zaidi.

Na kinanda kilichokwisha kuungua? Msikitupe. Baadhi ya vinanda vina fyuzi au dayodi karibu na tundu la umeme, ambayo hufa kwanza ili kuvikinga vipuri vya ndani. Ikiwa ndivyo, kipuri kinachohitajika ni cha bei ndogo. Mpelekeeni fundi kinanda pamoja na jina na namba ya modeli, ili aweze kutafuta mchoro wake. Fundi asiye na mchoro analazimika kubahatisha.

Namna ya kupata kitabu kilichopotea

Kitabu kupotea hakumaanishi kuwa hakipatikani tena. Geuza kinanda chini juu. Utakuta lebo yenye jina la kampuni na namba ya modeli, kwa mfano PSR-E373 au CTK na tarakimu zake. Andika namba hiyo kama ilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu tofauti ya tarakimu moja inaweza kuwa kinanda kingine kabisa.

Kisha kwenye simu tafuta namba hiyo ukiongeza maneno "owner's manual". Kampuni za Yamaha, Casio, Roland na Korg huweka vitabu vya vyombo vyao, hata vingi vya zamani, kwenye tovuti zao bila malipo. Pendelea tovuti ya kampuni yenyewe. Ukikuta tovuti inayodai fedha au inayotaka usakinishe programu kwanza, ondoka. Mtu mmoja wa kwaya akipakua faili hilo akiwa Mugumu au penye mtandao mzuri, anaweza kuwagawia wengine kwa Bluetooth bila kutumia bando tena.

Tatizo linalobaki ni lugha. Vitabu tulivyopitia vimeandikwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na nyinginezo. Hatujakutana na hata kimoja cha Kiswahili. Lakini kurasa muhimu ni chache. Fungua kwanza ukurasa wa umeme, wenye volti na ule mchoro wa nukta. Halafu ukurasa wenye picha ya kinanda na namba za vitufe. Halafu kurasa za mwisho, ambapo kwa kawaida kuna jedwali la matatizo: upande mmoja dalili, upande mwingine la kufanya. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya jirani anaweza kuwasaidia kuzitafsiri kurasa hizo jioni moja.

Kupima kama kitabu ni kizuri

Kabla ya kununua chombo chochote, kipya au cha mtumba, pakua kitabu chake usome. Haya ndiyo maswali ya kujiuliza. Je, kinaeleza umeme wazi, kwa tarakimu na mchoro? Je, kina picha ya chombo yenye namba, au maneno matupu? Je, kinaeleza kitufe kinafanya nini kwa sauti, au kinataja jina lake tu? Je, kina mifano ya kufuata hatua kwa hatua? Je, kina sehemu ya matatizo na majibu? Vinanda viwili vikiwa na bei moja na sauti zinazokaribiana, chukua chenye kitabu kinachojibu maswali hayo. Miaka mitano baadaye, mpigaji wa sasa akiwa ameolewa mbali au amekwenda kutafuta kazi Mwanza, kitabu hicho ndicho kitakachomfundisha atakayechukua nafasi yake.

Na kuna kitabu kimoja ambacho hakuna kampuni itakayowaandikia: daftari la kwaya. Fanyeni kama wapigaji wa Minimoog walivyofanya kwa karatasi na kalamu. Ukurasa wa kwanza andikeni namba ya modeli, volti, ampea, na mchoro wa chanya na hasi. Kurasa zinazofuata, kila wimbo na ukurasa wake: namba ya sauti, namba ya mdundo, kasi, ufunguo wa wimbo. Bandikeni pia kipande cha karatasi kwenye adapta chenye jina la kinanda chake, ili isije ikachanganywa na ya redio au ya king'amuzi. Daftari likae kwenye mkoba wa kinanda, na asiwepo mtu wa kwenda nalo nyumbani.

Mwalimu wetu wa Kenyamonta ametuambia kuwa tayari ameisoma namba chini ya kinanda na kuituma kwa fundi. Safari hii, fundi akiuliza volti ngapi, kuna mtu atakayemjibu.

Kama kwaya yako, bendi yako au kikundi chako cha ngoma kina chombo kisicho na kitabu, tutumie jina na namba ya modeli. Tutazisoma hewani, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba msikilizaji mwingine anacho kitabu hicho.